Mguu Wangu Ndani ya Barua Yake

…nitume, Bibi? ananiuliza mimi, mimi ninayeweka sahihi kwa dole gumba, na mdomo wangu tayari uko wazi, neno liko hapa kwenye ncha ya ulimi, tuma, mjukuu wangu, tuma ushukuru, lakini halitoki, limekwama kama mwiba wa samaki, halirudi ndani wala haliji nje, na yeye hata hanitazami, ameinamia mguu wangu, ameulaza kwenye mto juu ya kigoda, koleo mkono huu, shashi mkono ule, anachovya kwenye bakuli la maji ya chumvi, anailowesha bandeji ya jana pale iliposhikamana na kidonda, anaibandua kidogo, anaacha, analowesha tena, na mama yake, binti yangu wa kumzaa, yuko dirishani anapiga pasi mashuka ya watu, pasi inakwenda inarudi, inakwenda inarudi, chumba kizima kinanuka mvuke na sabuni, na simu iko pale kitandani imelala kifudifudi kama mtoto aliyenuna, barua mbili zimo ndani yake, ya kwake na ya mwenzake, na leo ndiyo siku ya mwisho, ofisi zikifungwa jioni na mlango nao umefungwa, vyeti ameshatuma, picha ameshatuma, imebaki barua ya Mkubwa wake tu, bingwa mkuu wa upasuaji pale hospitalini, barua ya mapendekezo wanaiita, yaani mtu mzima anakaa kitako anakusemea kwa watu wasiokujua, wakiridhika wanakuingiza kusomea ubingwa wa upasuaji, wasiporidhika unabaki hapo hapo ulipo, daktari wa kutumwatumwa, na mwaka juzi hawakuridhika, na mwaka jana hawakuridhika, na mwakani hawataki hata aombe, umri, wamesema, umri utakuwa umempita… umri gani, mtoto ambaye juzi tu nilikuwa namfuta kamasi…

Na mimi nilipiga kigelegele, hilo ndilo linalonichoma kuliko kidonda, asubuhi hii hii aliposoma barua yake kwa sauti nilipiga kigelegele cha harusi, kwa sababu barua ilikuwa tamu, sijapata kusikia mtoto wa kike akisifiwa hivyo na mwanamume msomi, Binti huyu, ilianza hivyo, Binti huyu ni mpole, mnyenyekevu, mwenye tabasamu wakati wote, wagonjwa wanampenda kama dada yao, hajawahi kunijibu vibaya hata siku moja, anajitahidi sana, tena nyumbani anamuuguza bibi yake mzaa mama kwa upendo mkubwa… na hapo ndipo niliporuka, nimetajwa! mimi na mguu wangu tumo kwenye barua ya bingwa! nikakiachia kigelegele mpaka jirani yetu wa ukutani, huyo tunayemwita Redio, akapaza sauti, Kulikoni huko, mmepata mkwe? na mimi mjinga nikamjibu, Zaidi ya mkwe, mwenzangu, zaidi ya mkwe! na Redio akishasikia kitu mtaa mzima umesikia, sasa hivi wako watu bombani na ndoo zao wanajua mjukuu wangu ameshakuwa bingwa, labda wanajipanga kuja kunipa hongera, na mjukuu mwenyewe alikuwa amesimama hapo katikati ya chumba, simu mkononi, uso wake umekauka kama nguo iliyosahauliwa kambani, akaniambia, Bibi, tulia kwanza, sikiliza na ya Mrefu.

Mrefu ni mwenzake wa kazi, wameanza siku moja, zamu zao sawasawa, na mimi namwita mume wangu, naye ananiita mke wangu, akija hapa anainama mlangoni na bado anajigonga kichwa, Mke wangu, mbona nyumba yetu fupi hivi, utaniua? na mimi, Nikuue nirithi nini, miguu? na tunacheka, si mtoto mbaya, ndiyo shida yenyewe, hata kumchukia siwezi, amekaa kwenye kigoda hiki hiki ulipolala mguu wangu, akifundishwa na mjukuu wangu kufunga fundo kwa mkono mmoja, uzi umefungwa kwenye mguu wa kitanda, anakosea, anachanganya, anatukana uzi, na mjukuu wangu anamwambia, Tena, na yeye, Mwalimu, nimechoka, na mjukuu wangu, Mgonjwa hatakuuliza umechoka, tena… nilikuwa naosha vyombo nikajisemea moyoni, mbona mkali hivi, mtoto wa watu, ampunguzie… na barua yake, barua ya Mrefu, karani wa Mkubwa alizipiga picha zote mbili kwa pamoja akazituma kama ni kitu kimoja, Mungu amsamehe karani yule au ambariki, sijui niombe lipi, maana bila yeye tungekuwa tumeshatuma zamani na hapa tungekuwa tunakunywa chai… barua ya Mrefu haikuanza na kijana huyu, ilianza na Daktari, Daktari huyu ana akili kali, mkono thabiti na uamuzi wa haraka, ni kiongozi kwa asili, nimemwachia chumba cha upasuaji nikalala usingizi, mkimkosa mtajuta, na mimi nikakaa nimekunja mikono nangoja sehemu yenyewe, nangoja iseme kama ni mpole, haikusema, kama anatabasamu, haikusema, kama kwao kuna mgonjwa, na kwao yuko baba yake aliyepooza upande mmoja, namjua mzee wa watu, nilimpa pole kwa simu, sauti yake inavuta kama mlango wenye kutu, lakini kwenye barua baba hayumo, nyumba haimo, Mrefu ametua pale hospitalini kutoka mbinguni, hana mama hana baba hana mtu wa kumwosha, ana mkono na akili basi, na mimi nikasema, Hii mbona kavu, haina hata utamu, ya kwako ndiyo nzuri… ndiyo, nilisema hivyo, nilisema, na mjukuu wangu akacheka, si kicheko, ni hewa iliyotoka puani, akasema, Sasa sikiliza pale wanapomtaja dereva.

Dereva wa lori… hiyo naijua, hiyo alinisimulia siku ile ile, alirudi hana sauti, akakaa pale pale mlangoni bila kuvua viatu, dereva kaletwa mchana tumbo limejaa damu kwa ndani, Mkubwa yuko kikaoni upande wa pili wa mji, simu haipokelewi, mtu anageuka rangi mbele ya macho yao, na Mrefu akasema tumngoje, tusiguse, tutafungwa, na mjukuu wangu akasema, Lete kisu, akampasua mtu, akatia mkono ndani akitafuta damu inakotoka, Bibi, kama unatafuta sarafu iliyoanguka kwenye pipa la uji wa moto, ndivyo alivyoniambia, akaupata mshipa, akaubana, akaufunga, na Mrefu ameshika vyuma vya kuachanisha tumbo, jasho linamchuruzika, ameshika hapo hapo alipoambiwa shika, mpaka Mkubwa anaingia anahema, dereva ameshashonwa, na Mkubwa akatazama, akamgonga Mrefu begani, akageuka, Vizuri, binti… na kwenye barua sasa, barua ya Mrefu inasema, siku ya yule dereva Daktari huyu alionyesha utulivu wa bingwa, na ya mjukuu wangu, maana nayo inamtaja dereva, tusimsingizie Mkubwa kwamba amesahau, inasema naye alikuwepo siku ile, akamfariji mke wa dereva kwa maneno mazuri… na alimfariji kweli, haikusema uongo, alitoka na damu mpaka viwikoni akamkuta yule mama amekaa sakafuni amejifunika kanga usoni, akachuchumaa naye, sasa, sasa utaikanusha vipi, barua yote ni kweli, hakuna neno hata moja la uongo ndani yake, ningekuta uongo ningelia nikatulia…

Mama, mbona umenyamaza, mtoto anakuuliza, anasema binti yangu pale kwenye pasi, mwambie atume, jua linakwenda hilo, na mjukuu wangu, bila kuinua kichwa, Hiyo si barua ya upasuaji, Mama, hiyo ni barua ya kumwombea mtu kazi ya yaya, na pasi imesimama, we! imesimama juu ya shuka la watu, naanza kunusa, na binti yangu anasema, Na yaya amekosa nini? Mimi niliyekusomesha kwa pasi hii nimekosa nini? Sijasema hivyo, Mama. Umesema. Sijasema. Shuka, nasema mimi, shuka linaungua, na angalau neno hilo limetoka, ameinua pasi, halijaungua, kuna kivuli tu cha rangi ya chai, anakitazama, anakisugua kwa kidole, na sauti yake inashuka, Mwanangu, ukienda kumwambia mtu mzima barua uliyoniandikia siitaki, atakwambia nirudishie, na utabaki na nini, utatuma nini, utatuma uso wako? na hiyo nayo ni kweli, leo kila kitu ni kweli, bila barua ya Mkubwa hawapokei, na Mkubwa si mtu wa kuambiwa, aliwahi kumfukuza daktari mmoja chumbani kwa kumsahihisha jina la dawa, na mjukuu wangu anachovya shashi, anakamua, anachovya, maji yameanza kuwa ya pinki.

Ningejua ni adui yetu ningejua la kufanya, ningemsema mbele za Mungu kwa jina, ningefunga, ningelala chini, lakini mimi nimemwona yule mtu, alipita pale kliniki siku mjukuu wangu aliponipeleka kuonwa mguu, kimo cha wastani, miwani kwenye kamba, viatu vinang'aa, akaniwekea mkono begani, Bibi, una bahati, mjukuu huyu ni malaika, na mkono wake ulikuwa na joto, mkono wa mtu mwema, na mimi nikasema, Malaika haswa, baba, ananiosha kidonda kila siku, hachoki, hanuni, na yeye akatikisa kichwa kwa masikitiko mazuri, ninyi ndio mmelea, akasema, na nikarudi nyumbani nimevimba kama andazi… yule mtu anaamini ametupa zawadi, nikienda kumpigia magoti na mguu huu, nikamwambia, Baba, mtoto wangu anakufa, ataiondoa mikono yangu miguuni pake na kuniambia, Bibi, si nimemsifu? na nitamjibu nini, nitasema ndiyo baba, umemsifu, umemsifu mpaka umemzika… jamani, mtu anazikwa kwa sifa, nani aliwahi kunifundisha kilio cha msiba wa namna hiyo.

Na wagonjwa nao, Sista, niletee maji, Sista, daktari anakuja saa ngapi? wanamuuliza mtu aliyewapasua wenyewe kwa mkono wake, na yeye ana mchezo wake, alitusimulia hapa tukacheka mpaka binti yangu akaketi chini, anamwambia mgonjwa, Daktari anakuja sasa hivi, anatoka mlangoni, anasubiri kidogo kwenye korido, anaingia tena, Habari yako, mimi ndiye daktari, tulicheka, Mungu wangu, Mrefu alipiga meza, na sasa nikikumbuka naona kwamba mjukuu wangu mwenyewe siku ile alitusimulia halafu akainuka kwenda kuosha sahani ambazo hazikuwa chafu… nilikuwa wapi mimi, nilikuwa nacheka, nilikuwa na bibi yangu wa zamani kichwani, na shangazi yangu, na mama yangu, wote wamekaa humu ndani kama kwenye mkeka, shangazi alipokuwa akinisemea kwa watu waliokuja kuniposa, alisema, Huyu hana neno, mkimpa maji atakunywa, msipompa hatauliza, na watu wale wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mimi nyuma ya pazia nikaona nimevikwa taji, na mama yangu, wakikusifu inamisha macho, usijibu, ukijibu sifa zinageuka… na mume wangu, Mungu amrehemu, mwashi, mtu wa mawe na chokaa, aliteleza akavunjika mkono katikati ya kazi ya watu, na kazi haingoji mkono upone, nikaenda mimi, yeye amekaa kivulini mkono kifuani ananielekeza, mpaka akaacha kunielekeza, akanyamaza akawa anatazama, nikausimamisha ukuta wa nyuma wote, uzi na timazi, jiwe kwa jiwe, na mwenye nyumba alipokuja akapitisha kiganja kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudia, akamgeukia mume wangu, Fundi, una mke mvumilivu… na mume wangu akasema ahsante, na mimi nikasema ahsante, na usiku ule sikujua kwa nini kifua kinaniwasha, nikadhani ni chokaa.

Chokaa… jamani kumbe hiki kinachowasha nakijua, ni kile kile, kimekaa kwa huyu mtoto sasa hivi, shingo yake imekaza, mshipa unapiga pale chini ya sikio, na binti yangu anajaribu tena, kwa upole sasa, anakunja shuka, Hebu fikiria, mwanangu, mzee wa watu amekumbuka mpaka bibi yako, amekaa na shughuli zote zile akaandika habari za bibi yako, nani mwingine ametajiwa bibi yake? anayekutaja mpaka kwenu si anakupenda? na mimi naitikia kwa kichwa, mazoea, kichwa kinakwenda chenyewe, halafu kinasimama… nani mwingine ametajiwa bibi yake, hakuna, ndiyo, hakuna, Mrefu hakutajiwa, karatasi yake ilikuwa na nafasi hiyo, pale ambapo baba yake aliyepooza angekaa ndipo alipokaa dereva wa lori, na karatasi ya huyu ni saizi hiyo hiyo, ukurasa ni ule ule, Mkubwa hakuongezewa wino, na pale ulipotakiwa kukaa mkono wake uliozama tumboni mwa mtu ukiusaka mshipa, pale nimekaa nani, nimekaa mimi, nimenyoosha mguu wangu na kidonda ndugu changu katikati ya barua ya mtoto, nimejaza… na nikapiga kigelegele… na wale wa kule watakaosoma, nawaona, meza ndefu, chupa za maji, mmoja amevua saa ameiweka mezani, anayesoma anafika pale, anamuuguza bibi yake, wote wanasema aaah kwa huruma, mtoto mwema huyo, halafu mmoja, si lazima awe mbaya, mmoja tu mwenye huruma zake, anasema, Lakini maskini ana mgonjwa nyumbani, upasuaji una zamu nzito, ataweza wapi? na wanaafikiana, tusimtese, na barua yenyewe imewapa njia, huko mwishoni Mkubwa ameandika, naamini akipata wa kumwongoza atafanya vyema, na ningefurahi zaidi kumwona kwenye tiba ya watoto ambako moyo wake wa kimama utafaa, moyo wa kimama, mtoto ambaye hata mtoto hana, basi wanamfungia mlango taratibu, kwa kumwonea huruma, bila kelele, mguu wangu ndio umeusukuma ule mlango, mguu huu huu anaoufuta sasa kwa ncha ya shashi, kuanzia katikati kwenda pembeni, katikati kwenda pembeni…

Basi ningeandika mimi, ningejua kalamu ningemwandikia mimi, ngoja, nimsemee hapa hapa moyoni nione, Mjukuu wangu ni… mpole, tayari, limetoka lenyewe, hebu tena, mjukuu wangu ni mtii, tena, mjukuu wangu hana neno, Mungu wangu, nimepekua mdomo mzima hakuna kingine, maneno yote niliyo nayo ya kumsifia mwanamke nimepewa na shangazi, yote yamekatwa kwenye kitambaa kile kile alichokata Mkubwa, sisi tumeshona barua ile pamoja, mimi na yeye, yeye kwa wino mimi kwa ulimi, hatukuambizana na tumeshona pamoja… tena, acha kumtafutia jina, tazama tu, tazama mkono, mkono huu umeshika koleo kama mtu anavyoshika yai, umeingia pale kwenye pembe ya kidonda palipokuwa na kile cheupe, nyama iliyokufa, wengine wote waliowahi kuniosha walikipita, walikuwa na huruma, walisema pole bibi pole bibi wakakipita kikaendelea kula, na huyu hakukipita, juzi nilimwambia imetosha, mama, inauma, imetosha, na yeye akasema, Bibi, nyamaza nifanye kazi, na mimi nikanuna siku nzima, nikamshtaki kwa mama yake, mtoto kanijibu, mtoto kaota pembe, na kile cheupe kilikatwa, na leo pale pana wekundu wa nyama hai, naiona kwa macho yangu, ndiyo, hiyo ndiyo ya kuandika, mjukuu wangu si mpole, hajui upole huyu, hana tabasamu wakati wote, anachukia akikatizwa, ukimlilia hasikii mpaka amalize, alimwambia Mrefu tena mpaka Mrefu akajua, alisema lete kisu wakati wanaume wanatafuta simu, mkaidi, mgumu, ana kiburi cha mkono wake na kiburi hicho ni haki yake, mpeni nafasi… nimesema kiburi, mimi, nimelitaja kwa mtoto wa kike na midomo yangu haikuanguka, shangazi ameinuka kwenye mkeka, anajifunga kanga anatoka, aende.

Lakini hakuna anayenisikia, nimekaa tu hapa na mdomo wazi, na jua limeshahama kutoka kwenye meza ya pasi limefika ukutani, na ofisi ya Mkubwa iko wazi mpaka jioni, mjukuu wangu kwa miguu hafiki lakini akipanda gari anafika, akimgongea, akasema, Daktari, naomba uandike habari za mikono yangu, ulifika, ulimwona yule dereva, labda atavua miwani amtazame kwa mara ya kwanza, labda atasema nirudishie barua, na huo ndio mwisho, hatutatuma chochote, atabaki Sista niletee maji mpaka anastaafu na nitakuwa mimi niliyemtuma, mimi, damu yake mikononi mwangu, sijui, sijui, na akituma hii iliyopo ni mwisho ule ule, umefungwa utepe tu… binti yangu amesimama na shuka kifuani, anasema, Mama, sema neno, na mjukuu wangu hatimaye ameinua uso, macho makavu, mekundu pembeni, hajalia, afadhali angelia, anasema, Bibi? Nitume? na tuma limo bado, shukuru limo, vumilia limo, yote yamepanga foleni kwenye meno kama wageni waliozoea nyumba, nayameza, yanakwenda chini yakikwaruza, na sijapata jingine la kuweka mahali pake, sina, basi nashika goti langu kwa mikono miwili, naunyanyua mguu, nautoa kwenye mto, nautoa mikononi mwake, nautoa kwenye barua ile, nautua sakafuni na kidonda kiko wazi, hewa inakipiga kinawaka moto, na yeye anasema, Bibi, unafanya nini, sijamaliza, na mikono yake imebaki hapo hapo ilipokuwa, hewani, imetulia tuli, haina cha kushika.